Vifaa vya kuwindia kulungu: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri, kipi ukiache dukani

Anayeanza kuwinda kulungu huuliza swali moja: bunduki gani? Swali si baya, ila lina mawili yanayolitangulia. Mimi hupanga vifaa kwa kipimo kimoja tu: kifaa hiki kinapunguza uwezekano wa mnyama kuondoka na jeraha akafie vichakani? Kama kinapunguza, kinapanda juu. Kama kazi yake ni kukufanya ujione hodari, kinashuka, hata kiwe ghali vipi.

Usitoe hela kabla hujasoma sheria za mahali utakapowinda, maana leseni na msimu si mwisho wa habari. Sheria huingia hadi kwenye silaha yenyewe. Uingereza hairuhusu kabisa kuwinda kulungu kwa upinde. Ujerumani inataka kaliba (kipenyo cha risasi) isiyopungua milimita 6.5 na nguvu ya joule 2,000 risasi ikifika mita 100, isipokuwa kwa kulungu wadogo wa aina ya roe, ambao kwao joule 1,000 zinatosha.

Nafasi ya kwanza: risasi, nyingi kuliko unavyodhani

Ndiyo, risasi kabla ya bunduki. Ukiwa na fungu dogo, nunua bunduki ya kawaida na masanduku mengi ya risasi, wala si bunduki ya fahari na sanduku moja. Moyo na mapafu ya kulungu wa ukubwa wa kati vinakaa katika eneo lenye upana wa kama sentimita 20, sawa na sahani ndogo. Tundika karatasi ya ukubwa huo, halafu piga ukiwa umekaa, umepiga goti, umeegemea fimbo, na baada ya kukimbia kidogo ili moyo uende mbio. Kupiga ukiwa umelaza bunduki mezani kunakuonyesha bunduki inaweza nini. Wewe mwenyewe hujapimwa. Umbali ambao risasi zako zote zinaingia kwenye karatasi, bila hata moja kutoka nje, ndio mpaka wako porini. Kama ni mita 90, kulungu wa mita 150 si wako siku hiyo.

Chagua risasi ya kuwindia, ile inayotanuka ikiingia mwilini. Zile zilizofunikwa chuma mwili mzima hupita kama sindano na kumwacha mnyama akikimbia na tundu dogo. Baada ya hapo kuna suala la madini. Risasi yenye kiini cha madini ya risasi hupasuka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, vingine vikabaki kwenye nyama, vingine kwenye matumbo unayoyaacha porini yakaliwa na tai. Denmark ilipiga marufuku risasi za bunduki zenye madini hayo mwaka 2024. Za shaba zinashikamana vizuri zaidi, lakini ni nyepesi kwa ukubwa wake na zinahitaji kasi ili zitanuke, kwa hiyo chukua yenye uzito mdogo kidogo kuliko uliyozoea. Na ukibadilisha aina, rudi uwanjani urekebishe shabaha upya. Usidhani itapiga palepale.

Ya pili: darubini ya macho mawili

Wengi huiruka kwa hoja kwamba bunduki tayari ina darubini yake juu. Fikiria maana yake: kila unapotaka kujua kile kilichotikisa majani ni nini, unakielekezea mtutu wenye risasi. Kinaweza kuwa mwindaji mwenzako. Hakuna udhuru hapa.

Mtindo wa 8x42 naupendelea kuliko 10x42; namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 8x42 inatoa milimita 5.25, na 10x42 inatoa 4.2. Alfajiri na magharibi, saa ambazo kulungu hutoka, tofauti hiyo utaiona. Tena ile ya 8 haitetemeki sana mikononi, na ndiyo itakayokuonyesha kama huyo ni dume au jike, na kama jike ana mtoto nyuma yake.

Ya tatu: bunduki yenyewe

Bunduki ya bolti, yaani ile unayoingizia risasi kwa kuvuta na kusukuma bolti kwa mkono, yenye kitako kinachokaa begani bila kulazimisha shingo. Kwa kaliba, mpangilio wangu ni huu. Ya kwanza .308 Winchester: risasi zake hupatikana karibu kila mahali na teke lake, yaani msukumo wake begani unapofyatua, linavumilika. Inayofuata ni 6.5 Creedmoor, iliyotoka 2007, laini zaidi begani. .270 Winchester ni ya tangu 1925 na bado haina kasoro ya kuitaja. .30-06 Springfield, ya mwaka 1906, inafanya kazi yoyote ile lakini inapiga teke zaidi ya kulungu anavyohitaji. .243 inamfaa mwenye mwili mdogo, mradi awe mvumilivu wa kusubiri mnyama asimame ubavu.

Kaliba za magnum, zile zenye baruti nyingi na teke kubwa, ziache. Mtu anayeogopa teke hufumba macho kabla mlio haujatoka, na risasi iliyopaswa kwenda kifuani inaishia tumboni. Bunduki iliyotumika si aibu: fungua bolti, chungulia ndani ya mtutu kwenye mwanga, kama unang'aa na hauna kutu wala mashimo, ongea bei.

Darubini ya juu yake haihitaji maneno mengi. 3-9x40 imara (inakuza mara 3 hadi 9, kioo cha mbele milimita 40), iliyofungwa vizuri, inatosha.

Ya nne: vifaa vya baada ya mlio

Taa ya kichwani, kisu kikali, glavu, na utepe wa rangi wa kufungia matawini. Ni vya bei ndogo, na ndivyo watu husahau nyumbani. Ukishapiga, usikimbilie. Kumbuka alivyofanya: aliyepigwa moyo mara nyingi huruka na kutimka, wa tumbo hukunja mgongo na kuondoka taratibu. Nenda pale aliposimama uinamie majani. Damu nyekundu angavu yenye povu ni ya mapafu. Subiri nusu saa, hatakuwa mbali. Damu nzito ya rangi ya giza ni ya ini, na hapo ni saa kadhaa. Ukikuta majimaji ya kijani yenye harufu ya majani yaliyotafunwa, risasi imepita tumboni: rudi nyuma kimya, subiri saa sita au zaidi, kwa sababu ukimfuata sasa atainuka alipolala na huenda usimwone tena. Funga utepe kila tone unapolipata, hata kama unaona njia iko wazi. Penye mbwa aliyefunzwa kufuata damu, mwite mapema kabla hujakanyagakanyaga.

Nguo

Kulungu haioni rangi ya chungwa inavyong'aa kwako, lakini wawindaji wengine wanaiona vizuri sana. Vaa. Anachokiona sana ni bluu, na sabuni zenye ving'arishaji huacha mng'ao wa aina hiyo kwenye nguo, kwa hiyo fua kwa isiyo navyo. Kitambaa kisichokwaruza majani kina faida kuliko madoadoa ya kijeshi. Kwa wanaopanda jukwaa mtini, mkanda wa usalama wa mwili mzima uruke foleni yote hii uwe wa kwanza kabisa.

Vya kuacha dukani

Manukato ya kuficha harufu ya mtu: jua tu upepo unatoka wapi, ukupige usoni. Kipima umbali, hapana, hicho nunua, mradi kikusaidie kukataa kupiga aliye mbali mno, wala si kupiga mbali zaidi. Kamera zinazotuma picha za mnyama kwenye simu papo hapo ndizo zinazonisumbua zaidi. Klabu ya Boone and Crockett ya Marekani, iliyoanzishwa 1887, inasisitiza kuwa mnyama lazima awe na nafasi halisi ya kukuponyoka, na jimbo la Arizona limekataza kamera za njiani, zinazotegwa wanapopita wanyama, katika uwindaji tangu 2022. Hela hizo ongezea kwenye risasi za mazoezi.