Tindo ya springi ya lori: nimebomolea jiko zima

Jiko letu la nje hapa Kihesa, Iringa, alilijenga baba mkwe kwa matofali ya kuchoma. Ukuta wa nyuma ulipoanza kutuinamia, tukaamua kulibomoa, matofali yale yale yakajenge banda la kuku. Shemeji akacheka: "Nunueni mapya tu, mtakesha hapo." Nikaenda kutafuta tindo, ile patasi ya chuma inayogongwa kwa nyundo.

Ya kwanza niliinunua dukani kwa shilingi 9,000. Ina mpini wa mpira wa njano, inang'aa kama ya harusi. Siku ya pili makali yalikuwa yamekunjika. Muuzaji akaniambia naipiga vibaya. Haya.

Ya pili ndiyo hii ninayoisifia. Mhunzi mmoja mzee alikata kipande cha springi ya lori, akakifua makali bapa upana wa vidole vitatu, akakizimisha kwenye oili chafu. Shilingi 7,000. Wiki tatu za kazi, nimeinoa mara mbili.

Kozi za juu, yaani mistari ya matofali, zilijengwa kwa udongo, hazikuhitaji tindo. Unaanzia juu, unatikisa, tofali linakuja lenyewe. Kazi ilikuwa kozi nne za chini, ambazo baba mkwe alizijengea saruji. Saruji ile iliyokaza ilikuwa ngumu kuliko matofali yetu ya kuchoma, kwa hiyo ukipiga kwa hasira linapasuka tofali, mota, ile saruji ya kuungia, inabaki pale pale inakutazama. Nilivunja kama kumi hivi kabla sijajifunza. Makali yakae kwenye kiungo, tindo uilaze kidogo ielekee kwenye mota, upige vidogo vidogo ukihama. Mlio ukibadilika, kutoka ting kuwa tup, acha nyundo, limeachia.

Kusafisha nako, usiliweke tofali kwenye sakafu. Mimi nililaza juu ya kiroba cha mchanga, likatulia, mota ikatoka vipande vipande. Halafu nikawa nayagonganisha mawili mawili. Linalolia kama kengele limeiva. Linalotoa sauti ya boga lilikaa pembezoni mwa tanuri, moto haukulifikia vizuri. Hayo, pamoja na ya chini kabisa yaliyoota unga mweupe wa chumvi, nimeyapanga njia ya kwenda chooni. Mazima yaliyofaa ukuta yalibaki 490. Fundi aliyaloweka kwanza kwenye pipa, maana tofali kavu linanyonya maji ya mota kabla haijashika.

Sasa kasoro. Tindo hii haina kinga ya mkono, na kidole gumba changu cha kushoto ni shahidi. Nimeizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Kichwa chake kinachanua kama uyoga kadiri unavyopiga, na ile mikunjo ikikatika inaruka. Kila jioni mwanangu aliisaga pembeni, na bila miwani sikumruhusu mtu kuishika. Pia ni nzito, ukishinda nayo mchana kutwa usiku mkono hauinui hata kijiko.

Ukitaka ya namna hii, mpelekee mhunzi springi yako mwenyewe, atakupunguzia. Ila usiende karibu na mvua za kwanza. Mimi nilikuta foleni ya majembe, nikaambiwa nirudi Jumatatu, nikarudi Jumatatu nikaambiwa Alhamisi.