Forester ya turbo: kubadili programu au kufunga turbo kubwa?
Ukiwa na Subaru Forester ya turbo, ile ya injini ya EJ20, fundi atakutajia njia mbili. Ya kwanza ni kuandika upya programu ya kompyuta ya injini. Anachomeka waya chini ya dashibodi, anaongeza presha ya turbo kidogo na kurekebisha muda wa plagi kuwasha. Asubuhi unaleta gari, jioni unaondoka nalo.

Ya pili ni seti nzima. Turbo ya kiwandani, TD04, inatoka, inaingia kubwa zaidi, na hapo ndipo mfuko unapotoboka: nozeli kubwa, pampu ya mafuta, intakula (kipoza hewa ya turbo), ekzosi pana, mara nyingi na klachi. Halafu programu ile ile bado unailipia! Turbo kubwa pia huchelewa kujaza presha. Kwenye foleni ya Thika Road hutaionja kabisa.

Kwa gari la kwenda kazini, mimi nachukua programu. Ila usikubali ile iliyoandikiwa petroli ya Japani ya oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kuhimili presha bila kulipuka mapema). Kwa mafuta ya pampu zetu injini itagonga, yaani mafuta yatalipuka kabla ya wakati, na pistoni hupasuka. Kabla hujalipa chochote, pima kompresheni (presha ya mgandamizo) ya silinda zote 4, ujue injini bado ni nzima.