TAHADHARI: Fundi wa konsavatori, Mtanzania mwenzetu, anazunguka Reading na Slough, England

Ndugu zangu, nimepigwa. Pauni 10,200, za konsavatori, kile chumba cha vioo kuta hadi paa kinachoongezwa nyuma ya nyumba. Mliokuja Eid mkaona turubai nyuma ya jiko nikawaambia "bado vioo tu", basi vioo hakuna, fundi hakuna, na simu haipokelewi. Jina lake siliandiki kwa sababu mwanasheria kanikataza, lakini ukipewa namba ya fundi "wa kwetu" mwenye gari jeupe, niulize kwanza.

Na kabla hamjaanza "kwani hukumchunguza?", hebu nisikilizeni. Huyu mtu tulikutana naye msibani, kwenye ule msiba mnaoujua. Ndiye aliyepanga viti, ndiye aliyeosha masufuria na akina mama hadi usiku. Kwao Muheza, kwa hiyo baba watoto akamkumbatia, mimi nikawa shemeji tangu siku hiyo. Kwenye kundi letu akasifiwa. Tena pesa taslimu aliikataa! "Shemeji, mkononi sitaki, tuma benki ubaki na ushahidi." Niambieni, tapeli gani anakuhimiza ubaki na ushahidi?

Inayonichoma ni ile jioni ya vipimo. Kaja na kile kipimo cha mwanga mwekundu, kapima ukuta, kagonga gonga matofali kwa kucha kama daktari, kanywa chai, kasifu maandazi. Nikamuuliza mbele ya mwanangu: na kaunsili (halmashauri ya hapa) je, kibali? Hakubabaika hata kidogo. Akatoa simu, akafungua Planning Portal, tovuti ya mambo ya vibali na kanuni za ujenzi, ya kweli kabisa, si ya kughushi, akanisogezea. "Soma mwenyewe shemeji." Nikasoma kwa macho yangu kwamba konsavatori kwa kawaida haibanwi na kanuni za ujenzi. Kidole gumba chake kilikuwa kimetulia pale pale, chini ya mstari ule. Maziwa yakataka kufurika, nikageuka kuyaepua, kurudi simu iko mfukoni na yeye anaongelea rangi ya fremu.

Chini ya kile kidole ndiko kulikokuwa na masharti. Kwamba iwe chini, usawa wa ardhi, na isifike mita za mraba 30. Kwamba kati yake na nyumba pabaki ukuta, mlango au dirisha la kiwango cha nje. Kwamba joto lake lijitegemee na liwe na swichi yake. Na hata ukitimiza yote hayo, vioo na umeme bado vinafuata kanuni. Sasa yeye akang'oa milango ya nje ya jiko "ili nyumba ipumue", akavuta bomba la radieta kutoka kwenye boila ya nyumba, na kwenye makadirio alishaniandikia paa la vigae. Mkaguzi wa kaunsili, kijana mpole, kaniambia kwamba kwa sheria nilichonacho si konsavatori, ni upanuzi wa nyumba, na wao walipaswa kuuona msingi kabla zege halijamwagwa.

Na zege lenyewe kalimwaga juu ya chemba ya majitaka! Kifuniko kiko chini ya sakafu. Bomba lile tunatumia na jirani, kwa hiyo ni mali ya kampuni ya maji, na kujenga ndani ya mita tatu kutoka kwenye bomba lao unahitaji ridhaa yao. Jirani ndiye aliyewapigia kaunsili choo chake kilipoanza kurudisha. Simlaumu, mama wa watu.

Halafu anayedaiwa kurekebisha ni mimi mwenye nyumba. Tangu Oktoba 2023, hapa England kaunsili ina miaka 10 ya kukuamuru ubomoe au urekebishe kazi iliyokiuka kanuni. Zamani ilikuwa mwaka mmoja tu. Kwa hiyo ile hadithi ya "kaa kimya watasahau" tuliyozoea kupeana harusini imekwisha.

Benki nao wananiambia huu ni mgogoro wa mteja na fundi, si utapeli, kwa sababu kazi ilianza. Ndiyo maana alichimba msingi, mshenzi yule! Msingi ndio kinga yake. Kumbe ningelipa hata kile kishika uchumba kwa kadi ya mkopo, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kingeibana kampuni ya kadi pamoja naye kwa kazi nzima, maana bei ilikuwa chini ya pauni 30,000. Madai madogo mahakamani mwisho pauni 10,000. Hizo 200 nitamsamehe, lakini nyingine atazitapika.

Ningekuwa na uwezo ningemlaza kwenye ile sakafu asikilize choo cha jirani mpaka asubuhi. Afungwe, anyang'anywe lile gari, na wanaowajua wazee wake Muheza wawaambie mtoto wao anafanya nini Ulaya.

Dalili? Zilikuwepo. Companies House, daftari la serikali la kampuni, ambako kutafuta ni bure, kampuni yake ina miezi tu, na mbili alizokuwa mkurugenzi zimeshafutwa. Gari lina alama ya TrustMark, ile ya mafundi waliothibitishwa, ukimtafuta kwenye orodha yao hayumo. Makadirio ukurasa mmoja. Pesa ya vioo aliitaka kabla hata fremu hazijafika, eti kiwanda kinasubiri, na akaunti ya mara ya pili ilikuwa na jina la mtu mwingine, "ya wife hiyo shemeji, usijali". Benki ikatoa onyo jina halilingani, nami nikiwa naye kwenye simu ananiharakisha.

Nimeripoti Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, wao wanapeleka kwa Trading Standards, wale wa kaunsili wanaofuatilia wafanyabiashara wadanganyifu. Kama naye kakupiga, ripoti na wewe, kisha niandikie faragha. Na wewe uliyemsifu kwenye kundi halafu ukajitoa wiki hii, nimeona. Pokea simu yangu.