SSID nane hadi tatu: uzoefu wangu na FreeRADIUS kwenye akses pointi za OpenWrt

Mpangilio ninaouzungumzia ni huu: FreeRADIUS 3 (programu inayothibitisha watumiaji wanaoingia mtandaoni) kwenye seva ndogo, akses pointi (vifaa vinavyorusha Wi-Fi) zinazoendeshwa na mfumo wa OpenWrt, VLAN sita (mitandao iliyotengwa ndani ya mtandao mmoja) nyuma yake, na hewani majina matatu tu ya Wi-Fi, yaani SSID. Mpangilio huu ulichukua nafasi ya majina manane: uhasibu, mauzo, mabosi, mikutano, printa, kamera, wageni, na lile la "jaribio" ambalo halikosi ofisini na hakuna anayekumbuka nani aliliweka.

Kila jina lina gharama hata kama hakuna aliyeunganishwa. Akses pointi hulitangaza kwa bikoni, yaani ujumbe mfupi wa kujitambulisha, moja kila milisekunde 102.4, karibu mara kumi kwa sekunde. Bikoni hutumwa kwa kasi ya chini kabisa iliyowekwa kuwa ya lazima, na kwenye 2.4 GHz vifaa vingi bado vinatoka kiwandani na 1 Mbps. Kwa kasi hiyo bikoni ya baiti 300 inashika hewa kwa takriban milisekunde 2.6. Piga hesabu: jina moja ni asilimia 2.5 ya muda wote wa chaneli, manane ni asilimia 20. Akses pointi tatu zinazosikiana kwenye chaneli 6 zinafika 60, na bado hujafungua hata barua pepe. Ongeza maswali ya simu zinazotafuta mtandao: simu ikiuliza bila kutaja jina, akses pointi inajibu kwa kila jina ililonalo.

Kuficha jina hakupunguzi kitu. Bikoni inaendelea kutoka vilevile, nafasi ya jina tu ndiyo inayoachwa tupu, na sasa kila simu inalazimika kuliita jina hilo yenyewe. Kurefusha muda kati ya bikoni nako sikushauri. Simu zinazosikiliza kimyakimya hupita chaneli upesi na kuikosa akses pointi iliyo pua na mdomo nazo.

Nikiwa mkweli, kupunguza majina siyo hatua yenye nguvu kuliko zote. Yenye nguvu ni kasi. Zima kasi za 802.11b (kiwango cha zamani cha Wi-Fi), weka 6 Mbps iwe ya chini, na bikoni ileile inamalizika kwa milisekunde 0.42. Jina moja linashuka hadi asilimia 0.4, manane hadi 3.3 hivi. Kwenye OpenWrt ni mstari mmoja katika /etc/config/wireless, chini ya redio husika:

option legacy_rates '0'

Kabla ya kuuweka, zungukia vifaa vya zamani. Skana ya ghala inayojua 802.11b peke yake haitalalamika wala kutoa ujumbe wowote, itapotea tu mtandaoni. Na usirukie 24 Mbps kwa pupa: bikoni ya kasi kubwa haieleweki mbali, na kona zilizokuwa na mtandao hafifu zitabaki bila mtandao.

Majina niliyabakiza kwa kanuni moja: jina ni la njia ya kuthibitisha, si la idara. Wafanyakazi wana lao la 802.1X, ambapo kila mtu anathibitishwa na seva kwa jina lake la mtumiaji. Vifaa visivyo na mahali pa kuandika jina la mtumiaji, yaani printa na kamera, vina lao la nenosiri. Wageni wana lao. Uhasibu na mauzo wanatenganishwa na VLAN, na VLAN hiyo inaamuliwa na seva mtu anapoingia. Akihamishwa idara unabadilisha namba moja kwenye seva; simu yake huigusi.

Seva inarudisha vitu vitatu kwa kila mtumiaji:

Tunnel-Type = VLAN
Tunnel-Medium-Type = IEEE-802
Tunnel-Private-Group-Id = "30"

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa PEAP au TTLS, njia za 802.1X zinazoficha nenosiri la mtumiaji ndani ya handaki la usimbaji, majibu hayo yanatolewa ndani ya handaki hilo na yanabaki humohumo. Mtumiaji anaingia vizuri kabisa, ila anaangukia VLAN ya kawaida. Fungua sites-available/inner-tunnel, tafuta sehemu ya post-auth, na pale penye "if (0)" panapozungumzia use_tunneled_reply weka "if (1)". Kisha simamisha huduma na uiendeshe kwa freeradius -X, uangalie kama Tunnel-Private-Group-Id imo kwenye Access-Accept ya mwisho, yaani jibu la seva la kumruhusu mtumiaji. Kama haimo hapo, akses pointi haitaijua.

Upande wa akses pointi weka dynamic_vlan '2', usiweke '1'. Kwa 1, mtu asiyepewa VLAN anaingizwa kwenye ya kawaida kimyakimya. Kwa 2 anakataliwa, na kosa unaliona siku hiyohiyo. Hakikisha pia una wpad kamili (programu ya OpenWrt inayosimamia usalama wa Wi-Fi), maana wpad-basic haina 802.1X. Dalili nyingine ya kuzoea: simu imeunganishwa lakini anwani yake inaanza na 169.254, yaani imejipa yenyewe baada ya kukosa ya mtandao. Usihangaike na RADIUS, nenda kwenye swichi. Mara nyingi VLAN hiyo haijapitishwa kwenye poti ya akses pointi.

Kinachonikera ni vyeti. Simu nyingi mpya za Android haziruhusu tena kuruka ukaguzi wa cheti cha seva, kwa hiyo kila moja inahitaji cheti cha mamlaka yako na jina la domeni liandikwe sawasawa. Ni haki kiusalama, lakini tenga muda; kazi yote ya seva ni fupi kuliko kusimama mezani kwa watu na simu zao.

Kwa printa na kamera, OpenWrt ina wifi-station na wifi-vlan: jina moja, kila kifaa na nenosiri lake, kila nenosiri na VLAN yake. Kamera ikiibwa unafuta nenosiri moja. Libakize jina hilo kwenye WPA2 (kiwango cha usalama cha Wi-Fi kilichotangulia WPA3), kwa sababu mpango huu wa manenosiri mengi haukai vizuri na WPA3. Ndiyo maana hauendi 6 GHz, ambako kwa mtandao wa nenosiri WPA3 ni lazima.

Kupima kama umefaidika, fanya ofisi ikiwa tupu, kabla na baada ya mabadiliko:

iw dev wlan0 survey dump

Soma channel active time na channel busy time za chaneli unayotumia, subiri sekunde 60, soma tena, toa, kisha gawanya ya pili kwa ya kwanza. Watu wakiwa hawapo, sehemu kubwa ya hiyo busy ni bikoni. Ikibaki juu ilhali zako zimeshapungua, angalia majirani kwa iw dev wlan0 scan na uhamie ile kati ya chaneli 1, 6 na 11 yenye wachache.