Mtungi mmoja: penseli au mkaa?

Nina michoro miwili ya mtungi wa maji wa bibi, ya siku nilipoanza kujifunza kuchora hapa Bagamoyo.

Wa penseli una adabu. Mdomo umekaa sawa, maana nilishaelewa kwamba duara likitazamwa kwa upande huonekana limebonyea, na likikaribia usawa wa macho huzidi kuwa jembamba. Nilianza na HB, penseli ya ugumu wa kati, kivuli nikakikoleza kwa 6B, iliyo laini na nyeusi zaidi. (Kumbe risasi ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo, udongo ukizidi, inakuwa ngumu.) Tatizo ni kwamba mtungi unang'aa kama sufuria! Grafiti ina mng'ao wake. Udongo uliochomwa hauna.

Mkaa ndio ulioipata ile kona ya jikoni mtungi unapokaa: weusi mzito usiong'aa, tumbo lililojaa maji, ubaridi wake. Mwanga niliutoa kwa kufuta na kinofu cha boflo. Mdomo umepinda, sikatai, na kiganja changu kimeshakula ukingo mmoja kwa kuwa sikupuliza dawa ya kuushikiza.

Kujifunza umbo, chukua penseli. Ukutani nimeutundika ule wa mkaa.