Pampu ya nusu hosipawa kwenye kisima cha uani, Kisauni: uzoefu wangu

Pampu ninayoizungumzia ni ile ndogo ya umeme inayopatikana karibu kila duka la hadiwea Mombasa: nusu hosipawa, wati 370, mdomo wa kuvutia inchi 1 na wa kutolea inchi 1, mwili wa chuma cha kusubu na impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) ya shaba. Inakaa juu ya ardhi, inavuta maji kwenye kisima kilichochimbwa kwa mkono, inayapandisha kwenye tangi la lita 1000 juu ya mnara wa mita 4. Kwa bei yake naipa nne kwa tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya kutu: maji yetu yana chumvichumvi, na chuma cha kusubu hakipatani nayo. Ila malalamiko mengi ninayoyasikia juu ya pampu hizi, kwamba haivuti, inakatakata, imeungua, ukiyafuatilia utakuta kosa liko kisimani au kwenye bomba la kuvutia.

Soma vizuri kibandiko cha ubavuni. Kimeandikwa H max mita 35, Q max lita 35 kwa dakika, na wateja hudhani watapata vyote viwili. Lita 35 hutoka pale pampu isipopandisha maji popote. Mita 35 ni pale maji yamefika juu kabisa na hayatoki hata tone. Maji yakiwa mita 6 chini na tangi likiwa pale nilipolitaja, mimi napata lita 18 hivi kwa dakika. Tangi linajaa kwa muda usiofika saa moja na umeme unaoliwa ni kama nusu yuniti. Ukilinganisha na mitungi ya lita 20 ya mkokoteni, hesabu haihitaji kalamu.

Kikomo chake ni kina. Kinachopandisha maji kwenye bomba la kuvutia ni uzito wa hewa unaoyakandamiza kule chini, na nguvu hiyo kwa usawa wa bahari inakomea mita 10.3 hata kwa pampu isiyo na kasoro. Toa msuguano, toa valvu, hesabu mita 7. Kununua pampu ya hosipawa moja hakuongezi kitu hapo. Maji yakiwa chini zaidi ya hapo, tafuta pampu ya kuzama au ile ya mabomba mawili.

Kisima chenyewe kichimbwe mwisho wa kaskazi, mwezi Machi, kabla masika haijaanza. Wakati huo maji yameshuka kabisa, kwa hiyo ukiyapata unajua yatakuwepo mwaka mzima. Kisima cha Juni kinaonekana kimejaa, Februari mwaka unaofuata kinakuonyesha tope. Upande wa Kisauni, Bamburi na Likoni unachimba mchanga na mwamba wa matumbawe. Changamwe na Miritini ardhi ni nyingine kabisa, na haya ninayoeleza usiyapeleke huko.

Chimba upana wa mita 1.2. Pete za saruji ziwe na upana wa ndani wa sentimita 90 na unene wa sentimita 8, mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu, na nondo nyembamba ndani. Panabaki nafasi ya sentimita 7 hivi pande zote. Pete za chini zitobolewe matundu na nafasi hiyo ijazwe kokoto ndogo. Mita 3 za juu usijaze kokoto hata kidogo, jaza udongo wa mfinyanzi au zege, la sivyo maji ya bafuni yatateremka moja kwa moja hadi kisimani. Penye mchanga pete hushuka zenyewe kwa uzito wao huku fundi akichimba chini yake. Penye tumbawe gumu ukuta unasimama wenyewe na mtaimbo ndio unaofanya kazi. Mdomo wa kisima upande sentimita 60 juu ya ardhi, uwe na mfuniko, na sakafu ya zege ya mita moja kuzunguka inayomwaga maji mbali.

Kuhusu kina, uroho ndio unaoharibu visima vya huku. Maji matamu ya pwani yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Kwa kanuni inayojulikana, kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Maana yake ukiyashusha ya juu kwa nusu mita na kuyaacha hivyo, ya chumvi yanaweza kupanda hata mita 20 kadiri muda unavyokwenda. Kwa hiyo simama ukishapata mita 1.5 hadi 2 za maji. Pete ya sentimita 90 inabeba lita 636 kwa kila mita ya kina, na hiyo ni akiba tosha kwa nyumba.

Kabla ya kuzoea swichi, pima kisima kinavyorudisha maji. Vuta mpaka yashuke mita moja, zima, kisha teremsha uzi wenye jiwe kila baada ya muda. Yakipanda sentimita 30 kwa saa, kisima kinatoa kama lita 190 kwa saa, wakati pampu inavuta zaidi ya 1000. Hapo hakuna ubishi nani atashindwa. Vuta nusu saa alfajiri na nusu saa jioni, badala ya kujaza tangi kwa mkupuo. Onja maji ya mwanzo na ya mwisho. Ya mwisho yakianza kukolea chumvi, punguza muda.

Ukiwa karibu na ufuo au kando ya hori ya Tudor, kuna jambo moja zaidi. Kisima hupanda na kushuka na bahari, kwa kuchelewa kidogo. Pima usawa wa maji siku za bamvua, bahari inapopanda na kushuka sana, maji yakiwa yamekupwa, na hapo ndipo uamue futivalvu, ile valvu ya ncha ya chini ya bomba inayozuia maji yasirudi kisimani, ikae wapi. Ukipima wakati wa maji mafu, bahari inapobadilika kidogo tu, siku za bamvua pampu itavuta hewa na utamlaumu muuzaji bure.

Sasa bomba la kuvutia, ambako fundi wa haraka ndiko anakoharibu. Litumie inchi 1 mwanzo hadi mwisho, usipunguze hadi robo tatu kwa kuwa ndilo lililokuwa stoo. Futivalvu ikae angalau sentimita 30 kutoka sakafu ya kisima na nyingine 30 chini ya usawa wa chini kabisa wa maji. Kutoka kisimani kwenda pampuni bomba lipande kidogokidogo, lisiwe na nundu, maana hewa hujikusanya penye nundu na pampu hukata. Weka yunioni, kiungo kinachofunguka, karibu na pampu ili siku ya ukarabati usikate bomba. Ukimaliza, jaza maji bombani kupitia kizibo cha juu ya pampu na uyaache usiku kucha. Asubuhi yakiwa yameshuka, futivalvu haifungi au kuna kiungo kinachovuja. Tundu dogo lisilodondosha hata tone linatosha kuingiza hewa, kwa sababu upande huu unanyonya.

Pampu ikivuma bila kuzunguka, zima umeme kwanza. Fungua kifuniko cha nyuma na uzungushe feni kwa bisibisi. Ikiwa ngumu, impela imeshikana na mwili kwa kutu. Ule mwanya wa ndani ni mwembamba mno, na pampu ikikaa muda bila kazi hujifunga. Ikizunguka laini na bado inavuma, badilisha kapasita, kile kifaa kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka, ya ukubwa ule ule ulioandikwa juu yake, na usiishike miguu yote miwili kwa mkono maana hubaki na chaji. Maji yakichuruzika kati ya pampu na mota, sili inayozuia maji kwenye shafti imekwisha, na mara nyingi imeungua kwa kuzunguka pakavu. Dawa yake ni swichi ya boya ndani ya kisima inayozima maji yakipungua. Maji yakipungua polepole mwezi hadi mwezi huku kisima kimejaa, mchanga umeila impela: inua futivalvu na uongeze kokoto sakafuni mwa kisima. Waya wa umeme upitie breka inayokata ikivuja miliampia 30.

Pampu ya petroli au jenereta isishushwe kisimani hata siku moja, hata wakati wa kuchimba. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, inayoua bila harufu. Mshumaa unaowaka chini unakuambia oksijeni ipo, haukuambii gesi hiyo haipo. Anayeshuka awe amefungwa kamba, na juu wawepo wawili.

Kisima kipya kisafishwe kwa klorini: lita 1.5 za dawa ya kuondoa madoa isiyo na manukato, yenye klorini asilimia 3.5, kwa kila lita 1000 za maji. Koroga, pitisha hadi mifereji yote inuke dawa, acha usiku kucha, kisha vuta na umwage mpaka harufu iishe. Hilo husafisha uchafu wa ujenzi tu. Tumbawe lina nyufa, na maji hupita humo bila kuchujwa, kwa hiyo umbali wa mita 30 kutoka choo cha shimo hauna uhakika hapa kama penye mchanga. Kwetu maji haya ni ya kufua, kuoga, choo na bustani. Ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe. Kama kuna mtoto mchanga, pima kwanza naitreti, kemikali inayotoka vyooni na kwenye mbolea; kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) isizidi miligramu 50 kwa lita, kwani kuchemsha hakuiondoi.

Ukienda dukani, omba yenye mwili au impela ya chuma kisichoshika kutu ikiwa maji yako yanakolea, na uongeze pesa bila kinyongo. Zungusha feni kwa kidole kabla ya kulipa. Uliza kama sili na kapasita zinauzwa pembeni, na ununue moja moja papo hapo. Nyumbani ijengee kibanda chenye kivuli na matundu ya hewa, juu ya jukwaa la sentimita 20, kwani upepo wa bahari na madimbwi ya masika huila mota kabla maji hayajafanya hivyo.