Kuchubua Uso kwa Leza: Tathmini ya Mkazi wa Tabora

Nilifanyiwa huduma hii katika kliniki moja ya ngozi jijini Dar es Salaam kwa ajili ya makovu ya chunusi, na ninaitathmini kwa sababu wenzangu wengi hapa Tabora huuliza bei kabla ya kuuliza habari za uponaji, ambao ndio sehemu nzito zaidi.

Daktari alitumia leza ya erbiamu, ambayo miale yake hufyonzwa na maji yaliyomo kwenye ngozi na kuligeuza tabaka la juu kuwa mvuke; ile ya kaboni dayoksaidi huacha joto jingi zaidi, na joto huchochea madoa meusi, hasa kwa ngozi nyeusi kama zetu. Ganzi ya kupaka ilituliza maumivu, na macho yalikingwa.

Baadaye uso huvimba, hutoa majimaji na kufanya magamba ambayo hayapaswi kubanduliwa. Ngozi mpya hufunika kwa takriban wiki moja, ilhali wekundu huweza kudumu kwa miezi. Kwa jua letu la kiangazi, mafuta ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) ya 30 au zaidi na kofia pana ni vya lazima, hata kwa anayepita chini ya miembe.

Nilithamini sana kuhojiwa kuhusu krimu za kung'arisha ngozi na malengelenge ya mdomoni, ambayo leza huweza kuyaamsha. Makovu yamepungua kina, hayakufutika. Maelekezo ya utunzaji, hata hivyo, yalikuwa mafupi mno; mteja atokaye mbali na abaki Dar es Salaam hadi ngozi ifunge.